Skrubu Haikuwa na Kosa: Kisa cha Injini ya Boti Iliyozidisha Petroli, Hori ya Tudor

Nimeandika kisa hiki kwa mafundi wanaoanza kushika injini za boti, na kwa manahodha wanaojitengenezea wenyewe fundi akikosekana. Majina ya watu, ya chombo na ya mahali kinapofunga nimeyaondoa. Wahusika wakuu ni wanne: tajiri mwenye chombo, nahodha, fundi kijana aliyenitangulia, na mimi.

Chombo na injini

Ni boti ya faiba ya futi 19, inabeba wavuvi wanne, wakati mwingine watano. Hutoka jioni kutoka ndani ya hori ya Tudor, Mombasa, hupita chini ya daraja la Nyali, huuacha Mji wa Kale na Fort Jesus mkono wa kulia, kisha hutoka nje ya miamba kwenda mshipi. Hurudi alfajiri. Kwenda na kurudi, ukitoa saa za kulala nanga, injini hufanya kazi saa mbili na nusu hivi. Miaka yote nahodha alihesabu lita 14 kwa safari.

Injini yenyewe ni ya kufunga nyuma, farasi 15, viharusi viwili (two-stroke), silinda mbili, na kabureta moja (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) inayolisha silinda zote mbili. Haina tanki la oili. Oili huchanganywa na petroli, sehemu moja kwa hamsini, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli. Maana yake ni kwamba injini hii hunywa na kujipaka mafuta kwa mdomo mmoja. Ukiibana petroli umeibana na oili.

Petroli ikichomwa ikaisha yote huhitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake. Injini ya boti ya viharusi viwili hupangwa makusudi iwe na petroli zaidi ya hapo kidogo, kwa sababu hiyo ya ziada hupoza pistoni. Kwa hiyo kila injini ya aina hii ina petroli ya ziada. Tatizo ni pale ziada inapovuka mpaka.

Kabla sijaitwa

Mambo yalianza kaskazi ilipoingia. Kwanza injini ikiwa na moto ilikataa kuwaka, mpaka akseleta ifunguliwe yote ndipo ikohoe na kushika. Wiki ya pili ukaja moshi, na utando wa rangi za upinde wa mvua ukawa unaelea nyuma ya chombo kila asubuhi. Kisha ikawa inazima ikiingizwa gia, na mara moja ilizima kwenye mlango wa miamba, wimbi likiwasukuma ubavuni. Nahodha alinieleza hilo la mwisho kwa maneno machache sana, nami sikumchimba.

Tajiri alilia na mafuta. Safari ya lita 14 ilifika lita 21, na bei ya petroli inayotangazwa tarehe 14 ya kila mwezi haimngoji mvuvi apate samaki.

Walifanya mambo matatu. Walibadilisha plagi mara mbili, na kila mara injini ilitulia siku mbili tatu kisha ikarudia. Wakamwita fundi kijana wa mtaani, hodari wa pikipiki, ambaye aliona plagi nyeusi akasema petroli inazidi, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Akaishika skrubu ya kabureta, ile ya kupangia mchanganyiko wa petroli na hewa, akaifunga nusu mzunguko. Hali ikawa mbaya zaidi. Akafunga tena. Alirudi mara nne, mpaka skrubu ikagota chini.

La tatu alilifanya nahodha peke yake, bila kumwambia mtu. Aliona moshi ni oili, basi akapunguza oili. Badala ya mililita 500 kwa lita 25 akawa anatia 300.

Siku ya kwanza ufukoni

Nilifika maji yakiwa yamekupwa, chombo kimelala mchangani. Kabla ya kufungua kofia ya injini niliuliza maswali.

"Shikamoo, nahodha. Oili watia kiasi gani?"

"Marahaba. Kikopo kile kidogo tu siku hizi, mwanangu. Moshi ulikuwa mwingi."

Nilimwomba anioneshe kikopo. Nilipokipima nikapata hizo 300. Uamuzi wangu wa kwanza ukawa huo: injini haiwashwi mpaka oili irudi kiwango chake. Tankini mlikuwa na lita 10, zenye mililita 12 za oili kwa kila lita ilhali zilitakiwa 20. Tukaongeza mililita 80, tukatikisa. Kisha nilipima mgandamizo wa silinda zote mbili, maana kama pistoni ilikuwa imekwaruzika kwa ukame, kabureta si shughuli tena. Silinda zilipishana kidogo tu. Mungu alimpenda tajiri.

Plagi zote mbili zilitoka nyeusi na mbichi, zinanuka petroli. Hilo la "zote mbili" lina uzito. Diafragamu (utando mwembamba) ya pampu ya mafuta ikitoboka, petroli huingia moja kwa moja kwenye kizimba cha silinda ile inayoiendesha pampu, na plagi moja ndiyo hulowa zaidi. Zikilowa sawa kwenye injini yenye kabureta moja, nenda kwenye kabureta.

Jaribio lililofuata halihitaji kifaa. Nilitoa kifuniko cha mdomo wa kabureta, nikaweka kopo chini, nikamwambia baharia mmoja abinye ile balbu ya mpira ya kwenye bomba la mafuta, injini ikiwa imezimwa. Kabureta nzima ikijaa, balbu hukaza na kubaki imekaza. Hii ilikaza, ikalegea. Akabinya tena, ikalegea tena, na petroli ikaanza kudondoka kwenye koo la kabureta. Matone yalihesabika.

Injini imelala, haivuti chochote, na petroli inapita. Hakuna skrubu duniani inayoweza kutibu hilo. Niliiandika skrubu ilipokuwa, sikuigusa.

Sindano, boya na milimita tatu

Ndani ya bakuli la kabureta mna boya, na boya huinua sindano ndogo yenye ncha ya mpira inayoziba tundu la kuingilia mafuta. Ni kama boya la tanki la choo. Petroli ikipanda, boya linapanda, sindano inaziba. Sindano isipoziba, kiwango cha petroli bakulini kinapita kinapotakiwa, na jeti zote (vitundu vya kupimia petroli), ya kasi ya chini na ya kasi ya juu, zinamwaga zaidi kuliko zilivyokusudiwa.

Sindano hii ilikuwa na mfereji wa duara kwenye ncha, unaouhisi kwa ukucha. Kwenye kikalio chake mlikuwa na utando wa kahawia, utomvu unaoachwa na petroli iliyokauka. Nilipoigeuza kabureta juu chini na kuupima urefu wa boya kutoka kwenye uso wa gasketi, boya lilikuwa limelala chini ya kipimo cha kitabu kwa milimita 3.

Hapa wengi hushika koleo na kupinda kile kiulimi cha chuma kinachoisukuma sindano. Nilijizuia. Sindano iliyochimbika huzama zaidi kwenye kikalio, na boya likiwa mwisho wa mkono mrefu, sehemu ya milimita iliyolika kwenye ncha huonekana kama milimita kadhaa kwenye boya. Tukanunua mjini sindano mpya pamoja na kikalio chake na gasketi. Zilipokaa, milimita 2 zilirudi zenyewe. Ile moja iliyobaki ndiyo niliyoirekebisha kwa kupinda kiulimi, polepole sana.

Boya nililitikisa sikioni kusikia kama lina petroli ndani. Lilikuwa kavu. Jeti kuu niliisoma namba yake, ikalingana na ya kitabu cha injini, nikazipuliza njia zote kwa hewa. Sikutia waya. Jeti ni shaba laini, na waya wa breki ukipita mara tatu tundu si lile tena. Nikaigeuza kabureta juu chini, nikapuliza kwa mdomo kupitia kipande safi cha bomba: hewa haikupita. Nikalibeba boya kwa kidole, ikapita. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kisha nikakikagua kibao cha choki, kile kinachobana hewa wakati wa kuwasha injini baridi. Nilikisukuma kwa kidole, kikafunguka chote, kikajifunga chote, hakikwami. Nikasema choki nzuri. Likumbuke neno hilo.

Skrubu, hatimaye

Nilipoitoa skrubu ncha yake ilikuwa na alama ya kubanwa, lakini tundu lenyewe lilikuwa salama. Nikaweka mpya, nikaifunga kwa vidole viwili mpaka ikagusa, bila kuikaza, kisha nikaifungua mzunguko mmoja na nusu. Hicho ni kianzio cha injini hii. Kwa nyingine soma kitabu chake.

Tulifunga injini kwenye pipa la maji, ikawaka kwa mvuto wa tatu. Nikaiacha dakika kumi ishike moto, maana injini baridi hudanganya. Halafu nikawa naigeuza skrubu kidogo kidogo, thumuni ya mzunguko kwa mara moja, na kila mara nangoja nusu dakika injini ijibu. Nikaikuta pale mizunguko ilipokuwa laini zaidi. Kila mtu akafurahi, na nahodha akaniletea chai.

Jioni ile ile chombo kilipoingizwa majini na gia kushikwa, injini ikatetemeka, ikazima.

Nilijua kwa nini hata kabla haijanyamaza. Kwenye pipa dogo moshi hurudi usoni pa injini, na pangaboi halisukumi uzito wowote. Ukipangia pipani unapangia injini isiyo na kazi. Tukafunga chombo kwa kamba mbili kwenye nguzo, gia ikiwa mbele, nikaanza upya. Nilipofika kwenye ulaini, nikairudisha skrubu thumuni moja upande wa petroli, kusudi akseleta ikifunguliwa ghafla injini isishtuke na kukosa mafuta. Baada ya hapo ndipo nikaweka kasi ya chini kwa skrubu yake nyingine, ile inayozuia akseleta.

Nje ya daraja, moshi umerudi

Asubuhi tulitoka kujaribu, mimi, nahodha na baharia mmoja. Kasi ya chini safi. Akseleta nusu, safi. Ilipofunguliwa yote, injini ikaanza kubwabwaja, buu-buu-buu, na moshi ukafuata nyuma yetu hadi nikaona aibu.

Niliiacha katika kasi ile dakika mbili, kisha nikavuta kamba ya dharura izime papo hapo, bila kupitia kasi ya chini. Ukizima hivyo, plagi hubaki na rangi ya kasi uliyokuwa nayo. Zikatoka na masizi meusi makavu.

Sasa fikiri pamoja nami. Skrubu ina usemi kuanzia kasi ya chini hadi kama robo ya akseleta. Kuanzia hapo jeti kuu huchukua kazi, na akseleta ikiwa wazi yote sauti ya skrubu haisikiki tena. Kasi ya chini safi na kasi ya juu chafu, basi kosa halipo kwenye skrubu. Kiwango cha bakuli tumekipima. Namba ya jeti kuu tumeisoma. Kilichobaki ni hewa.

Tukasogea mahali pasipo na vyombo vilivyotia nanga, nikafungua kofia ya injini, nikakunja mikono ya shati kwa sababu flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka juu ya injini, haina huruma. Nahodha akafungua akseleta tena. Nikasukuma mkono wa choki kwa kidole. Sauti ikafunguka palepale, na boti ikatusukuma nyuma.

Kibao hakikuwa na ubovu. Ubovu ulikuwa kwenye kikamatio cha plastiki kinachounganisha kijiti cha kitufe na mkono wa choki. Kililegea na kulika, kiasi kwamba nahodha akisukuma kitufe hadi mwisho, kibao kinabaki kimefunga kama upana wa kidole kidogo. Kwenye kasi ya chini, hewa inayohitajika ni kidogo na upenyo unatosha. Kasi ikipanda, kibao kinakuwa kizuizi, na mvuto wake unanyonya petroli kutoka jeti kuu kuliko inavyotakiwa. Nilikifunga kwa uzi wa shaba turudi nyumbani. Kikamatio kipya kilipatikana siku mbili baadaye.

Matokeo

Wiki tatu baadaye safari ilikuwa inakula lita 14 hadi 15. Plagi zina rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Injini inawaka kwa mvuto wa pili, iwe baridi au moto. Moshi kidogo wa asubuhi bado upo, na utakuwepo, maana ni injini ya viharusi viwili.

Uchambuzi

Fundi kijana hakukosea kwa uvivu. Kwenye kabureta za bodaboda alizojifunzia, skrubu ya mchanganyiko hukaa upande wa injini, nyuma ya kibao cha akseleta, na hupitisha petroli. Ukiifunga, petroli inapungua. Kwenye injini hii skrubu iko upande wa kuingilia hewa na hupitisha hewa. Ukiifunga, umeinyima hewa na petroli inazidi. Kila alipokuja kupunguza, aliongeza. Ishara alizipata: mara ya kwanza hali ilipoharibika, injini ilikuwa imeshamjibu. Alichokosa ni kuirudisha skrubu ilipokuwa na kuandika. Kipande cha karatasi kingetosha.

Hata angeizungusha upande ulio sawa, asingefaulu. Sindano ilikuwa inavuja na choki imefunga nusu. Pengine angefika mahali ambapo kasi ya chini inatulia kwa sababu hewa nyingi inafunika petroli inayovuja. Siku sindano ingebadilishwa, injini ingebaki kavu, yaani na petroli pungufu, na injini kavu ya viharusi viwili hufa kwa kukwama pistoni, nje ya miamba, usiku. Ndiyo maana mimi huigusa skrubu mwisho.

Kosa la nahodha lilikuwa la hatari kuliko yote, ingawa ndilo linaloeleweka kuliko yote. Moshi wa oili una rangi ya samawati. Petroli ikizidi huacha masizi meusi na plagi mbichi. Usiku kwa tochi, moshi ni moshi. Lakini kupunguza oili hakupunguzi petroli hata tone. Kwa hesabu, mchanganyiko wenye oili kidogo una petroli zaidi katika kila lita inayopita kwenye jeti. Alipoona moshi umepungua aliamini ametibu, kumbe ameondoa dalili moja na kuacha pistoni bila mafuta. Mimi nimekubaliana naye kwamba kikopo kile kitobolewe tundu kisitumike tena. Alikitoboa mwenyewe kwa msumari.

Kwangu mimi yapo makosa mawili. La pipa nalijua tangu zamani, nalo nililifanya kwa sababu jua lilikuwa kali na pipa lilikuwa kivulini. La choki ni zito zaidi. Nilikagua kibao kwa kidole wakati nahodha hukitumia kwa kitufe, kofia ikiwa imefungwa. Nilikagua kifaa, sikukagua njia anayoitumia mwenye chombo. Ningesukuma kitufe kisha nikachungulia kooni kwa tochi, ningeokoa safari nzima ya majaribio na lita kadhaa za petroli.

Kilichotusaidia ni mpangilio: kwanza kulinda injini, kisha majaribio yasiyo na gharama yakitangulia yenye gharama. Jaribio la balbu lilichukua dakika mbili na likaondoa nusu ya dhana. Kusoma plagi baada ya kuzima ghafla kuliondoa nusu iliyobaki. Vipuri vyote tulivyonunua vinaingia kwenye kiganja kimoja, bei yake haifiki plagi zile walizokwisha kutupa.

Jambo moja bado liko wazi. Nilipokuwa nakagua njia ya maji niligundua thamostati haipo, yaani kile kilango kinachozuia maji ya kupoza mpaka injini ishike moto. Mtu aliitoa zamani, kama wanavyofanya wengi hapa pwani wakiogopa injini kuchemka. Maji ya bahari yetu ni ya nyuzi 25 hadi 29, na injini isiyo na thamostati ikikaa kasi ya chini muda mrefu haipati moto wa kutosha kuigeuza petroli kuwa mvuke, basi plagi huingia weusi kidogo. Tajiri amesema ataitafuta baada ya Ramadhani. Skrubu nimeiacha ilipo, mzunguko mmoja na robo na thumuni kutoka chini, nimeiandika ndani ya kofia kwa rangi. Thamostati ikirudi, nitapima tena.